Korongo wa Gusii Hasimami kwa Mikono

Katika ratiba za shule zetu kuna kipindi ambacho hakijafa wala hakiishi. Kimeandikwa ukutani kwa wino mzito, kimetengewa dakika zake, na afisa wa elimu akizuru shule hukiona na kuridhika. Lakini saa yake iwadiapo, mwalimu wa hisabati huingia kumalizia mada ya jana; au wanafunzi huamrishwa wakafyeke nyasi; au huambiwa wasome kimya huku mwalimu wa zamu akisahihisha madaftari. Kipindi hicho ni cha mazoezi ya viungo. Katika miaka yangu ya kushika chaki, Kisii na baadaye Nyamira, nimekiona kikiporwa mchana peupe, na sijapata kumsikia mzazi aliyepanda mlima kuja kukidai.

Mambo haya si ya jana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 somo hili lilikuwamo ratibani, ila halikutahiniwa katika KCPE, na kisichotahiniwa nchini Kenya ni yatima. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi umeyaweka mazoezi ya viungo pamoja na muziki na uchoraji chini ya mwavuli wa ubunifu. Nilipolisikia neno hilo nilifurahi, kisha nikajiuliza: mtoto atabuni nini ikiwa mwili wake umeketishwa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni?

Nina jibu moja dogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watoto wa Gusii na wapewe nafasi ya kubuni mikao ya yoga kwa kuiga wanyama wanaowajua. Nasema kubuni, si kukariri. Tofauti iliyopo baina ya maneno hayo mawili ndiyo hoja yangu yote.

Yamkini msomaji amelikunjia uso neno yoga. Hebu na tulitazame bila hofu. Chimbuko lake ni Bara Hindi, na ndani yake mna mazoezi ya mwili, ya pumzi na ya kutuliza nia. Yeyote aliyepata kufungua kitabu cha mazoezi hayo atakubali kwamba ni kama ameingia katika hifadhi ya wanyama. Mna mkao wa swila, wa nzige, wa simba, wa ngamia, wa kobe, wa samaki, wa tausi, wa jogoo, wa nge, na ule mashuhuri wa mbwa anayejinyoosha baada ya usingizi. Kitabu kimoja cha kale kiitwacho Gheranda Samhita, cha yapata karne ya 17, chaeleza kwamba idadi ya mikao ni sawa na idadi ya aina za viumbe hai, nayo ni mamilioni. Kati ya hiyo 84 ndiyo iliyo bora, na 32 ndiyo imfaayo mwanadamu hapa duniani. Ikiwa ndivyo, basi orodha haijafungwa, na hakuna sababu ya kumfanya mtoto wa Nyansiongo aombe ruhusa kabla ya kuongeza mkao wake.

Wachina nao wana habari kama hizo. Tabibu wao mashuhuri, Hua Tuo, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 3, husemwa kuwa ndiye aliyebuni mazoezi ya wanyama watano: chui milia, kulungu, dubu, nyani na korongo. Angalia sana jambo hili, msomaji. Mhindi alimchukua tausi kwa kuwa tausi alikuwa akitembea kwao. Mchina alimchukua dubu kwa kuwa dubu alikuwa mlimani kwake. Hakuna aliyeagiza mnyama kutoka ng'ambo. Sasa sisi, tunapoleta yoga shuleni, na kuna shule ambazo zimeanza kuileta, tunafungua kitabu na kumpinda mtoto wa Keroka awe ngamia, mnyama ambaye babu yake hakumwona wala yeye hajamwona ila kwenye picha.

Mfano wa korongo unanitosha. Katika vitabu vya Kihindi, mkao wa korongo hufanywa hivi: mtu huchutama, hubandika viganja chini, huegemeza magoti juu ya mikono karibu na makwapa, kisha huinua miguu yote miwili hadi mwili mzima ukabebwa na mikono. Ni mkao mzuri, wenye kutaka nguvu na uthabiti. Lakini korongo wetu, yule mwenye taji la dhahabu kichwani, hasimami kwa mikono. Husimama kwa mguu mmoja katika malisho yenye majimaji, na akifurahi hukunjua mbawa, huinama, huruka juu, hutua, huinama tena. Tena ana siri ambayo makorongo wengi wa nchi nyingine hawana: kidole chake cha nyuma ni kirefu, kwa hivyo aweza kushika tawi na kulala mtini. Mtoto aliyemtazama vizuri atajua kwamba mkao wa korongo huanzia kwenye vidole vya mguu, si kwenye mabega. Ataishika ardhi kwa vidole hivyo kana kwamba anashika tawi. Hilo hakuna kitabu kitakachomfundisha.

Na hapa pana uchungu. Ndege huyu amewekwa tangu mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mabonde yaliyokuwa chepechepe katika sehemu zetu yamepandwa mikaratusi, mengine yamechimbwa udongo wa matofali, mengine yamegeuzwa mashamba. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi wake wamwige korongo hana budi kwanza kuwauliza ni wangapi wamemwona. Nimeuliza. Mikono iliyoinuka ilihesabika upesi.

Hebu nieleze niliyoyashuhudia mwenyewe. Muhula mmoja uliopita nilialikwa na mwalimu kijana, mwanafunzi wangu wa zamani, katika shule iliyo juu ya mteremko si mbali na Kebirigo. Sitaitaja, kwa sababu mwalimu huyo angali anakitetea kipindi chake mbele ya wakubwa wake. Uwanja wa shule ile ni kipande cha nyasi kilichoinama kiasi kwamba mpira ukikosewa hupotelea katika chai ya jirani. Si ajabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Upande wa Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba moja, watu wanaoishi kwa kilimo juu ya vilima. Ardhi tambarare ya kuchezea mpira ni anasa kwetu. Nyasi za upana wa mkeka hazikosekani.

Mwalimu yule hakuwaonyesha watoto mkao wowote. Siku iliyotangulia alikuwa amewapa kazi ya nyumbani ya ajabu: kila mmoja akamtazame mnyama mmoja, amtazame hadi ajue anavyoanza kusogea. Asubuhi hiyo, darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini likajipanga nyasini bila viatu, na kila aliyetaka akaja mbele.

Wa kwanza alikuwa msichana aliyeamua kuwa ng'ombe anayeamka. Akalala ubavu, akakunja miguu chini yake, akajiinua kwa magoti ya mbele, kisha akainua makalio kwanza, na mwisho ndipo akanyoosha mikono mmoja baada ya mwingine. Darasa likamwiga. Lakini mvulana mmoja aliinuka kinyume chake: alinyoosha mikono mbele kwanza, kisha akasukuma nyuma. Ugomvi ukazuka. Msichana alisema hakuna ng'ombe duniani anayeamka hivyo. Mvulana aliapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Mwalimu angaliweza kuumaliza ugomvi ule kwa neno moja, maana ni jambo lijulikanalo kwamba ng'ombe huinua nyuma kwanza. Badala yake alimwuliza mvulana taratibu, "Kijana wangu, ulimtazama mnyama gani?" Ikabainika kwamba kwao hawana ng'ombe, wana punda anayewachotea maji mtoni. Naye punda, kama farasi, hutanguliza miguu ya mbele. Mvulana hakuwa amekosea hata kidogo. Alikuwa punda kamili.

Nimehudhuria masomo mengi ya sayansi katika maisha yangu. Machache sana yalikuwa na utafiti, ubishi, ushahidi na hukumu ya haki kama yale niliyoyaona katika dakika kumi zile. Na watoto walikuwa wakitokwa na jasho.

Wakafuata wengine. Kinyonga alikuja na kuyumba mbele na nyuma kabla ya kila hatua, vidole vitatu upande huu na viwili upande ule, kama koleo. Na kwa kuwa kinyonga huzungusha kila jicho kivyake, darasa zima lilijaribu jambo hilo likashindwa, na walimu waliokuwa wakichungulia madirishani nao wakashindwa. Yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni, alipata shingo nzuri. Chura alikuwa chura wa kila mahali. Mtoto mmoja mnyamavu alichagua kuku anayeatamia. Akaketi juu ya visigino, akapanua viwiko kidogo, akashusha kidevu, akatulia. Mwalimu akawaambia wote wakae vivyo hivyo, wapumue polepole, wasiyavunje mayai. Kwa muda wa dakika mbili sikusikia ila upepo katika migomba. Wale wanaotoza pesa nyingi mjini kufundisha utulivu wa nafsi wangaliona wivu.

Palikuwa pia na fuko. Mnyama huyo ni adui wa mashamba yetu, na watoto wanamfahamu kwa kuwa hutumwa kumtega. Wanajua kwamba huchimba kwa meno yake na kuusukuma udongo kwa kichwa. Mvulana aliyemchagua akataka kusukuma ardhi kwa paji la uso huku miguu ikiwa juu, na hapo mwalimu akamzuia mara moja. Sheria yake ni moja tu isiyojadiliwa: kichwa na shingo havibebi uzito wa mwili. Fuko akaambiwa asukume kwa mabega. Nakubaliana na sheria hiyo kikamilifu, na walimu watakaojaribu jambo hili waiandike ubaoni kabla ya kutoka nje. Mtoto asiinuliwe wala asivutwe na mwenzake; mkao ukiuma, uachwe; na zoezi lifanywe asubuhi, kwa maana kila mwenyeji ajua kwamba alasiri katika vilima hivi ni ya mvua, na nyasi zenye maji huteleza.

Jambo lililonigusa zaidi ni lugha. Walipokuwa wakibishana, watoto wale waliacha Kiingereza kando, wakaacha hata Kiswahili, wakazungumza Ekegusii. Eng'ombe, engoko, esese, embori: majina hayo yalikuja yenyewe. Lakini walipofika kwa wanyama wa mwituni, majina yalianza kupungua. Mwalimu akawatuma wakaulize nyumbani. Nilifurahi kusikia kwamba baadhi ya akina magokoro walicheka, wakataja majina, kisha wakaonyesha kwa mikono jinsi mnyama fulani alivyokuwa akinyata alipokuja kuiba kuku. Bibi wa miaka sabini na kitu akinyata jikoni mbele ya wajukuu wake! Mazoezi ya viungo yalikuwa yamevuka uzio wa shule.

Ikumbukwe kwamba kwa Abagusii mnyama si pambo tu. Kila ukoo mkubwa una mnyama wake wa heshima: Abagetutu wana chui, engo, Ababasi wana punda milia, Abanchari wana kiboko, engubo. Wazee walijua wajibu uliofungamana na majina hayo. Mtoto wa leo huenda akalijua jina bila kumjua mnyama. Kule Tabaka, mafundi wanaochonga jiwe la Kisii wametoa viboko, tembo na twiga wasio na idadi, wakauzwa hadi Ulaya na Marekani. Mikono yetu, basi, ina mazoea ya kumtafuta mnyama ndani ya jiwe. Nashangaa kwa nini tunauonea haya mwili unaomtafuta mnyama ndani yake wenyewe.

Zipo pingamizi mbili, nami sizidharau.

Ya kwanza ni ya imani. Gusii ni nchi ya makanisa, Wasabato na Wakatoliki wakiwa wamekita mizizi kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika mkutano wa wazazi wa shule ile, omogaka mmoja alisimama, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, sisi tunakuheshimu. Lakini tuambie kweli, mnawafundisha watoto wetu kuabudu miungu ya Wahindi?" Mwalimu alimjibu kwa adabu, "Tata, swali lako ni la haki. Neno yoga linatoka kwao, na kwa wengi wao ni sehemu ya dini. Hapa hatuimbi nyimbo zao wala hatusemi sala zao. Watoto wanamwiga ng'ombe wako." Mzee akaketi. Sijui kama aliridhika. Aliuliza tena kama ng'ombe wake atalipwa, watu wakacheka, mkutano ukaendelea.

Mimi naunga mkono jibu lile kwa sababu halikuficha kitu. Kuna wanaopendekeza tulifiche neno yoga, tuliite jambo hili mchezo wa wanyama, basi yaishe. Sioni ubaya wa kuliita hivyo, mradi mzazi akiuliza aelezwe asili. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga kwa azimio la Desemba 2014, na jijini Nairobi tangu mwaka 2007 kuna mradi uitwao Africa Yoga Project ambao umewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa mazoezi hayo na kujipatia riziki. Jambo lililoenea kiasi hicho halifichiki. Isitoshe, kitabu cha Mithali chenyewe humtuma mvivu akamtazame chungu na kujifunza kwake. Kumtazama mnyama kwa ajili ya elimu si jambo geni kanisani.

Pingamizi ya pili ni ya mitihani, na hii ndiyo yenye meno. Mwalimu mkuu anapimwa kwa alama. Ukimwambia kwamba watoto watatumia dakika thelathini wakiwa kuku wanaoatamia, atakuuliza hayo yatatokea katika karatasi ipi. Kwake yeye nina majina mawili. Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii, alikimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, wakati ambapo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza. Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 kule Mexico City mwaka 1968. Sidai kwamba walianza kwa kuiga wanyama. Ninachosema ni kwamba eneo lililotoa watu hao lina sababu chache kuliko mengine ya kuuona mwili wa mtoto kuwa mzigo unaochelewesha hisabati.

Lakini nina hofu moja kubwa kuliko ya mwalimu mkuu, nayo inatoka upande wa pili. Naogopa kwamba jambo hili likikubaliwa litakubaliwa mno. Itachapishwa orodha ya mikao kumi na miwili ya kitaifa, na picha zake, na watoto wa Mandera na wa Kisii wataagizwa kufanya kiboko namba tatu kwa hesabu ya moja, mbili. Kisha itafuata tathmini. Nawasihi walimu wenzangu: msimwandikie mtoto kwamba chura wake amekaribia matarajio, wala kwamba kinyonga wake amezidisha matarajio. Matarajio ya nani? Mwenye kujua ni kinyonga.

Siku ile Kebirigo somo lilikatizwa na kengele huku mvulana mmoja akiwa bado ameinua mkono. Alikuwa mgeni shuleni, kwao ni Suneka, Bonchari, na alitaka kuwa engubo kwa kuwa ndiye mnyama wa ukoo wao. Alilala kifudifudi, akajaza hewa mashavuni, akainuka kidogo, akasita. Akamwuliza mwalimu kama kiboko akitoka majini hutanguliza mguu gani. Mwalimu hakujua, nami sikujua. Viboko wangali wakionekana katika Ziwa Victoria upande wa Homa Bay, mwendo ambao basi la shule huenda na kurudi kabla ya jua kutua. Mwalimu ameandika barua ya kuomba basi hilo. Nilipompigia simu wiki iliyopita alikuwa bado akingoja jibu, na mvulana yule humwuliza kila Ijumaa.